Hivi karne ya 19 kwetu hawakulima?

Jana nilikuwa maktaba natafuta picha za somo la historia, maana TP inakaribia na sitaki kwenda kubandika chati za ovyo. Nikakutana na kitabu cha Livingstone cha mwaka 1865, cha ile safari ya Zambezi iliyomfikisha Ziwa Nyasa mwaka 1859. Ile picha ya mateka waliofungwa miti shingoni mnaijua wote, imerudiwa vitabuni mpaka basi.

Siipingi. Watu walitolewa kweli Nyasa wakapelekwa Kilwa kuuzwa. Ila jamani, ndiyo picha pekee ya mababu zetu?

Miaka hiyohiyo ya 1850, Ufaransa kulikuwa na jamaa anaitwa Jean-François Millet, mtoto wa mkulima. Alikuwa anachukua bamba la shaba lililopakwa nta, anakwangua kwa sindano, halafu tindikali inakula ile mistari. Picha yake moja ni wanaume wawili wanalima. Hamna simba, hamna mzungu na bunduki, ni migongo tu imeinama. Nilipoiona nikamkumbuka bibi yangu kule Mapera.

Na kama kuna shamba lilistahili bamba la shaba ni ngoro. Kwa ambao hamjafika Mbinga: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga mlimani mistari inayokatizana, kama nondo za dirisha. Wanawake wanachimba udongo wa katikati wanazifukia. Katikati linabaki shimo, na kwenye kingo ndiko yanapandwa maharage, baadaye mahindi. Nyasi zinaoza zinakuwa mbolea, maji ya mvua yanaishia shimoni, udongo haukimbilii bondeni. Mlima umesimama kama ukuta lakini unalimwa! Wamatengo walibanana milimani karne hiyohiyo wakiwakwepa Wangoni, na bado walikula.

Sasa mtoto wa Mbinga asubuhi anapita pembeni ya ngoro, akiingia darasani anaonyeshwa babu yake ni yule mwenye mti shingoni. Basi.

Mimi nitabandika zote mbili, mateka na ngoro. Rafiki yangu wa kozi anasema mhadhiri atakayekuja kunikagua atanikata maksi, eti naenda nje ya silabasi. Akate tu. Shida yangu ni kwamba ngoro lazima nichore mwenyewe, na migongo inanishinda kabisa, inatoka kama mabegi. Mwenye kipaji anitafute kafeteria, chai juu yangu.