Paa la Tuktuk Si Deni la Dereva

Wasee, kuna utani umezidi huku Garissa. Tuktuk ikipita Ngamia Road turubai imepasuka, inapepea nyuma kama bendera, lazima mtu atoe simu arekodi. "Cheki konvatibo ya mtaa!" Tunacheka, tunatumiana, tunasonga. Hata mimi niliwahi kuposti moja, na ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichoweka mwezi huo. Nimeifuta, na leo nawaambia kwa nini.

Konvatibo ya ukweli, kama ile Mazda MX-5 ya paa la kukunja, mwenyewe anaifungua akitaka upepo. Paa likikwama likatae kufunga, ni yeye analowa, na ni yeye analipa fundi. Ya kwetu iko hivi: paa likiharibika, dereva anachomeka, abiria analowa, na mwenye tuktuk yuko nyumbani kwa kivuli anangoja hesabu ya jioni. Halafu anamwambia dereva atengeneze.

Hii kitu naijua. Karo iliponishinda nikaacha chuo, niliendesha tuktuk ya watu miezi minane. Hesabu ilikuwa 1,000 kila siku, mafuta juu yangu. Siku ya kwanza tu niliona kava ya juu imeanza kupasuka pale inapopinda kwa bomba, sawasawa juu ya kiti cha nyuma. Nikamwambia mwenyewe, mzee wa heshima, namwita abti kama tunavyowaita wazee wetu. Akanijibu, "Kijana, mimi nakula hesabu, wewe unakula kinachobaki. Paa ni lako." Nikanyamaza. Kazi ilikuwa moja na wanaoitaka walikuwa kumi.

Mwisho wa 2023 zikaja zile mvua za El Niño. Mnazikumbuka, barabara zilikatika na mji ukawa kama kisiwa. Siku moja nilibeba mama kutoka hospitali akiwa na mtoto wa siku mbili, tunaenda Bulla Iftin. Turubai likilegea halivuji tu, linakusanya maji katikati kama beseni. Nikapiga tuta, beseni lote likamwagika juu yao.

Hakunitukana. Alimfunika mtoto na jilbabu yake akakaa amemwinamia mpaka kwao. Tulipofika akatoa mia. Nikamwambia, "Hooyo, wacha." Akaiweka kwa kiti akaingia ndani.

Jioni nikapeleka hesabu imepungua mia mbili, nikaeleza kilichotokea. Abti akaniuliza, "Kwani ni mimi nilikuwa nimekaa hapo nyuma?"

Wallahi, aliongea ukweli. Hajawahi kukaa hapo nyuma, na ndiyo maana halimuumi.

Sasa najua wenye tuktuk watakuja hapa na maneno. Tuyachukue moja moja.

La kwanza, ati dereva ndiye anararua. Turubai la tuktuk ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na plastiki hiyo imechanganywa na kitu cha kuifanya iwe laini. Jua kali linakitoa kile kitu kidogo kidogo. Turubai linakauka, linakuwa gumu, linaanza kupasuka pale linapokunjika na pale sindano ilipopita. Uzi nao unaoza na jua, mara nyingi kabla ya kitambaa chenyewe. Na sisi tuko wapi? Karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa pili na wa tatu hapa joto linapita nyuzi 35 kama mchezo, na tuktuk inashinda nje kutwa nzima. Hakuna dereva anayeweza kuendesha taratibu mpaka jua lisimwone. Paa linachakaa kama tairi. Na tairi likiisha, si mwenye tuktuk ndiye ananunua?

La pili, ati hakuna pesa, tuktuk iko na mkopo. Sawa, mkopo ni mzigo, siwezi kukataa. Lakini hebu tupige hesabu. Fundi wa sokoni aliniitisha 4,500, turubai nzito ya lori, uzi wa nailoni na kazi yake ndani. Hiyo ni hesabu ya siku tano, na chenji inabaki. Kwa miezi minane, siku sita kwa wiki, nilimpelekea abti kama laki mbili. Na katika hiyo miezi tuktuk ilipata taa za rangi, spika mpya na stika ya kioo cha mbele. Pesa ya kuimba ilikuwepo, ya kufunika mtoto ndiyo ilikosekana.

La tatu, ati weka mabati mambo yaishe. Nani amewahi kukaa chini ya bati saa saba mchana hapa, bila dari, asitoke ameiva? Bati ni zito, unaliweka juu ya kitu cha magurudumu matatu ambacho tayari kinapenda kulala kwa kona. Na ncha zake zinakata. Ukipata ajali usiku barabara ya Madogo utajua ulichofungia watu kichwani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi si watu wa kufundishwa paa laini. Ayeeyo zetu walijenga aqal. Fito zimepindwa, mikeka imefumwa kwa mkono, nyumba nzima inavunjwa na kupakiwa juu ya ngamia, mkifika malisho mapya inasimama tena. Ni kazi ya wanawake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mkeka ukichakaa unafumwa mwingine, juu mvua haingoji mtu. Na mgeni akiingia kwa aqal hapewi sindano aambiwe ashone mahali amekaa. Watu waliohama na paa lao vizazi na vizazi, leo wajukuu wao wanashindwa na turubai la mita chache?

Sheria nayo iko. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zitunzwe ili lisiwe hatari kwa wenye barabara na wanaosafiri ndani yake. Turubai linalopigapiga usoni mwa dereva au kumfunika kioo cha nyuma ni hatari. Lakini tunajua askari akisimamisha tuktuk anashika nani. Anashika aliye kwa usukani. Mwenye mali hata jina lake halitajwi.

Kwa hivyo, madereva wenzangu, kabla hujapokea ufunguo zunguka tuktuk na mwenyewe akiwa hapo. Piga picha paa. Mkubaliane kabisa: turubai, tairi na breki ni za mwenye tuktuk. Mtume kwa WhatsApp, hata mistari miwili, ili kesho mtu asibadilishe stori. Na wewe fanya sehemu yako. Egesha kwa kivuli ukipata. Usilioshe turubai na dawa za kuchubua. Ukiona mshono umeachia inchi moja peleka kwa fundi siku hiyo hiyo, usingoje uwe mita.

Wenye tuktuk, weka 50 kando kila siku kutoka kwa hesabu. Ndani ya miezi mitatu iko karibu na turubai jipya. 

Na sisi wa simu, tuache kumrekodi dereva. Ukiona paa limepasuka, uliza hiyo tuktuk ni ya nani. Mji huu si mkubwa hivyo, utaambiwa. Wengine mtagundua ni ya baba, ya abti, ya kaka mkubwa. Anza hapo nyumbani leo jioni, kwa heshima, kabla ya kuposti.

Nikimaliza kuandika hii nampelekea abti wangu aisome. Najua atakasirika. Lakini yule mtoto wa Bulla Iftin sai anatembea, na mvua zingine ziko njiani.