Aliyempiga Picha Rambo

Jamani, nimechoka. Kila nikienda kikao cha waandishi chipukizi hapa mjini lazima atokee mmoja wa kuninyooshea kidole: eti naandika hadithi za mapenzi za kuendelea gazetini, nimejishusha, fasihi nimeiuza. Juzi mwenzetu mmoja, ambaye huu ni mwaka wa saba anatayarisha riwaya yake kubwa na hatujaonyeshwa hata ukurasa, alinisomea somo la usafi wa sanaa. Namjibu hapa hapa, na shahidi wangu ni Mwingereza.

Anaitwa Jack Cardiff. Humjui? Unamjua sana. Kama uliwahi kubanana kwenye banda la video ukamwona Rambo akirudi Vietnam, ile filamu ya pili ya 1985, basi kazi yake umekwisha iona. Stelingi tulimpigia makofi. Bwana wa kamera na mwanga hatukumwuliza jina.

Huyo bwana alizaliwa 1914, wazazi wake wasanii wa majukwaani, watu wa kuhamahama, na shule aliipata kwa vipande. Mwaka 1936 kampuni ya Technicolor ilitafuta Mwingereza wa kumfundisha kamera yake ya rangi. Wenzake walijiandaa kwa maswali ya mitambo. Yeye akakiri kwamba huko ni mweupe, akaanza kuwaeleza habari za wachoraji: Vermeer na mwanga wake wa dirishani, Rembrandt na giza lake. Wakamchukua yeye! Mwaka 1947 akapiga Black Narcissus, hadithi ya masista wa Kiingereza kwenye milima ya Himalaya. Milima gani? Kazi karibu yote ilifanyika Uingereza, studio ya Pinewood, na mabonde yenyewe ni ya kuchorwa. Ikampa Oscar. Mwaka 1951 yuko Kongo na Uganda na The African Queen (hadithi yenyewe imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani kwetu), kambi nzima inaugua, kamera inazunguka.

Akajaribu uongozaji pia, na Sons and Lovers ya 1960 ikamwingiza kwenye orodha ya wagombea wa Oscar ya waongozaji. Kisha akarudi kwenye kamera. Umri ukiwa karibu miaka 70, huyoo, msituni Mexico na Rambo.

Hapo ndipo washabiki wa sinema za heshima hukohoa kidogo wakapita, kama ukoo unavyomruka mjomba mlevi kwenye utambulisho wa harusi. Kwa nini? Sisemi filamu ile ni lulu. Siasa yake naichukia. Wavietnam wanakufa mle kama kumbikumbi. Lakini kumbuka pale Rambo alipojibandika kwenye ukuta wa tope, huoni mtu, unaona tope tu, halafu jicho linafunguka. Banda zima tulipiga kelele. Aliyepima mwanga wa tope lile ni yule yule aliyeisha kupima mwanga wa masista.

Mwaka 2001 Hollywood ilimpa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Rambo hakumzibia mlango. Alifariki 2009, ana miaka 94.

Sura yangu ya kumi na mbili inatoka Jumamosi. Siku tatu nimeikalia, nikitafuta mwanga wa kibatari unaangukaje usoni mwa mwanamke asiyetaka kulia mbele ya mkwewe. Mwenzetu wa riwaya kubwa anakaribishwa kununua gazeti.