Pigo la Baba na Mama

Katika bendi za shule za mpakani, kuanzia Busia hata Malaba, liko neno linalovunja moyo wa mwanafunzi upesi kuliko kiboko. Neno hilo ni "Umekosea," litokapo kinywani mwa mwalimu aliyejua njia moja tu akadhani hakuna nyingine. Nalishitaki neno hili hali mimi mwenyewe nimelitumia.

Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya gwaride la Sikukuu ya Madaraka, nilimtoa bendini mvulana aliyekuwa amesoma upande wa Uganda. Alipiga mngurumo wa ngoma ndogo, ile yenye nyuzi chini yake, kwa kukandamiza vijiti ngozini; mimi nilifundishwa kuviachia virukeruke. Nikamwambia kuwa huo ni mtindo wa ng'ambo, haufai kwetu. Alinirudishia vijiti kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Hebu tulitazame pigo lenyewe. Mkono wa kulia hupiga mara mbili, wa kushoto mara mbili. Polepole kwanza, kisha mbio, hata mapigo yakashikana yakawa sauti moja. Waingereza huwafundisha watoto wao kwa kutaja "baba, mama". Wafaransa nao hutaja maneno hayo hayo kwa lugha yao. (Jirani zetu Waisukha na Waidakho wana ngoma tatu za isukuti, nazo huitwa baba, mama na mtoto. Sidhani kama waliagana na Wafaransa.)

Ni nani basi mwenye pigo hili? Wapiga ngoma wa Marekani walipokutana Chicago mwaka 1933 waliliweka la kwanza katika mapigo 13 ya lazima, nao hutaka kila pigo lisikike wazi, kama punje za mahindi zinazohesabika. Mskoti, afuataye zumari za mfuko, hukandamiza kijiti kitetemeke, sauti itoke kama kitambaa kinachoraruliwa. Mtu wa Basel, kule Uswisi, hupiga mbili mbili kama Mmarekani, lakini hulikaza pigo la mwisho hata likasimama peke yake. Yupi kati yao aliyekosea?

Wako watakaonijibu kuwa mngurumo wa kweli ni ule wa kijeshi tuliorithi. Tuliurithi kwa nani? Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa na vikosi Kenya na Uganda pia, na katika jeshi la Waingereza wenyewe Waskoti walishika mtindo wao wala hawakufukuzwa. Kugombania mngurumo wa Kenya na mngurumo wa Uganda ni sawa na kugombania jina la Busia, mji ulioketi pande zote mbili za mpaka.

Wengine watasema kuwa bendi sharti isikike kama mtu mmoja. Hilo nalikubali kabisa. Ngoma sita zikinguruma kwa namna mbili, gwaride huharibika. Lakini hayo ni mapatano ya siku ile. Mwalimu na aseme, "Leo tutaachia vijiti," wala asimwambie mtoto kuwa hajui. Mapatano hufundishwa kwa muda wa juma moja. Aibu haitoki kwa juma moja.

Wala sitetei uvivu. Liko kosa la kweli, nalo ni mkono wa kushoto ulio dhaifu kuliko wa kulia. Kosa hilo husikika Basel, husikika Malaba, na dawa yake ni kupiga polepole kila siku hata mikono ilingane. Nilipomtoa yule mvulana sikumpima kwa hilo. Lau ningempima, ningalimkuta amewashinda wote niliowabakiza.

Muhula uliofuata nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwomba pia anionyeshe namna ya kukandamiza. Alikubali. Mkono wangu wa kushoto ungali unachelewa.