Acheni kunakili faili, tumieni ln -s

Haya wadau, leo nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nina miradi mitatu midogo: karo za shule, duka la dawa za mifugo, na orodha ya wakulima wa maembe huku kwetu Ndera. Yote hukagua namba za simu kwa faili moja, simu.py. Moja kwa jina tu, maana nililinakili mara tatu. Mwaka 2019 namba za kuanzia 01 zilipoingia Kenya, faili langu lilijua 07 peke yake. Nikarekebisha kwenye karo, nikarekebisha kwenye duka, nikaenda kulala. La maembe nikalisahau.

Msimu ulipofika, meseji ya kwamba lori la broka linakuja iliwafikia wenye 07. Wenye 01 programu iliwaruka kimyakimya. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kwani namba yangu ina ubaya gani?" Maembe yake yalikuwa yameozea chini ya mwembe. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa simu.py ni moja, iko kwenye folda ya pamoja, na ndani ya kila mradi nimeandika:

ln -s ../pamoja/simu.py simu.py

Basi. Linux hainakili kitu, inaweka njia tu ya kulifikia faili lenyewe. Ukirekebisha pale, umerekebisha kote.

Najua mtakachosema: ukiharibu moja, miradi yote mitatu inaanguka. Na ianguke! Ianguke mbele yangu nikiona, kuliko kosa kujificha shambani msimu mzima. Wengine mtaniambia nitengeneze paketi yenye namba za matoleo. Kwa faili la mistari 40? Jamani.

Pingamizi moja nalikubali. Flashi nyingi zina FAT32, na FAT32 haijui simlinki, nami kazi zangu hufika Garsen kwa flashi mfukoni. Kwa hiyo kabla ya safari natumia cp -rL, faili halisi linaingia. Hiyo ni nakala ya kusafirisha, si ya kuhariri. Git nayo huhifadhi njia tu ya simlinki, kwa hivyo folda ya pamoja iwe ndani ya hazina ileile, la sivyo mwenzako atapata kiungo kinachoelekeza hewani. Na usianze na /home/ na jina lako. Yeye haitwi hivyo.

Bado nina tarehe.py, nakala nne, na hakuna mbili zinazofanana. Nazihamisha leo usiku, stima ikikubali.