Kinu cha Kahawa Kilitangulia Gari

Mtu atokaye Mzumbe na kusimama kando ya barabara kuu ya Iringa huona malori na mabasi yakipita usiku na mchana, na karibu yote yamebuniwa ng'ambo. Si ajabu basi kwamba mara kwa mara wananchi huuliza: Sisi tutaunda lini gari letu? Swali hilo ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tuwatazame waliotutangulia katika kazi hiyo.

Wazee wetu wanalikumbuka Peugeot, gari la Kifaransa waliloliita Pijo. Ni Peugeot 404 iliyompa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, ushindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, na tena mwaka 1967. Wengi walilisifu gari. Wachache waliuliza asili yake.

Asili yake ni kinu cha nafaka. Mwaka 1810 ndugu wa ukoo wa Peugeot walikigeuza kinu chao huko Hérimoncourt, mashariki ya Ufaransa, kikawa kiwanda cha chuma cha pua. Wakafua misumeno na zana za mafundi. Mwaka 1840 wakatoa kinu kidogo cha kusagia kahawa, na mwaka 1882 baiskeli. Hata nembo yao ya simba ilianzia kwenye misumeno. Mwaka 1889 Armand Peugeot alionyesha gari la mvuke la magurudumu 3. Mwaka uliofuata likaja la petroli, na injini yake haikuwa yao. Ilikuwa ya Daimler, Mjerumani, iliyoundwa Paris na kampuni ya Panhard et Levassor. Hawakuona haya kuazima injini, kwa maana chuma, mafundi na nidhamu ya karakana walikuwa navyo tayari. Mwaka 1896 wakawa na injini yao wenyewe. Tangu kinu hadi injini hiyo ni miaka 86.

Sasa na tujitazame sisi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichopangwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilianza na mitambo mikubwa na hesabu ya mamilioni ya jozi za kuuza Ulaya. Kuta zake za alumini hazikuifaa hali ya hewa yetu. Hakikufikia hata sehemu 1 katika 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kosa halikuwa la mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo. Ni la mpango ulioanzia mwishoni.

Kwa hiyo twasema: gari ni tunda, na mti wake ni karakana. Vijana wanaofunzwa ufundi katika chuo cha VETA cha Kihonda, na mafundi wadogo ambao SIDO iliundwa mwaka 1973 ili kuwahudumia, wapewe chuma, zana na wanunuzi. Halmashauri inayohitaji madawati, majembe au matoroli iwatazame hao kwanza.

Na Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho shina lake ni shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953, huwafunza watakaotia sahihi mipango ya viwanda vya kesho. Twawaomba waulize kila mpango maswali matatu: Mafundi wako wapi? Malighafi yatoka wapi? Nani atanunua?

Wahenga walisema: Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Anayetaka nazi asiidharau kokochi.