Sokwe wa Lindi na chanjo ya Ruzizi



Kati ya Februari na Aprili 1958, watu zaidi ya 215,000 wa bonde la Ruzizi, huku kwetu na ng'ambo katika Ruanda-Urundi, walipewa chanjo ya polio kwa kinywa. Huenda babu au bibi yako alikuwa miongoni mwao. Wachache wanajua kwamba chanjo hiyo, kazi ya Hilary Koprowski, ilikwisha kujaribiwa kwa sokwe katika kambi ya Lindi, karibu na Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Tangu 1956 sokwe kwa mamia walikamatwa msituni wakapelekwa huko, na wengi walifia humo.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba chanjo ile ndiyo iliyoleta UKIMWI. Si kweli. Chupa zilizohifadhiwa zilipimwa, zisionekane chembe za sokwe wala virusi hivyo. Asili yake imefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Uvumi huo ni wa hatari, maana unaweza kumfanya mama amnyime mtoto chanjo, na polio ingali nchini mwetu. Hata hivyo, kuukanusha uvumi hakulijibu swali la Lindi: je, vifo vyote vile vilikuwa vya lazima?

Katekisimu, namba 2417 na 2418, inakubali majaribio juu ya wanyama yakiwa na kiasi na yakisaidia kuponya au kuokoa watu; kuwatesa au kuwaua bila sababu inakuhesabu kuwa kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Kwa maoni yangu, basi, anayepaswa kuonyesha ulazima ni mtafiti, wala si anayemhoji. Mwaka 1959, mmoja tu baada ya chanjo ya Ruzizi, Waingereza Russell na Burch waliwataka wanasayansi watafute njia isiyohitaji mnyama, wapunguze idadi, na wapunguze maumivu. Njia zimepatikana. Usalama wa chanjo ya polio ya matone, uliokuwa ukipimwa kwa nyani, sasa waweza kupimwa kwa panya maalumu (naye ni kiumbe, najua) na kwa kuchunguza chembe za urithi za kirusi chenyewe.

Kabla ya mkutano wenu ujao, mtafuteni mzee wa Sange, Kiliba au Luvungi aliyekuwa mtoto mwaka 1958. Mwulizeni kwa heshima siku ile waliambiwa nini, na kama kuna aliyewaomba ridhaa wazazi wake.