Baridi Yabisi kwa Watoto: Safari ya Tiba Huanzia Zahanati

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeibua mjadala mpana kuhusu gharama za magonjwa yanayofahamika, kama vile saratani na kisukari. Yapo hata hivyo maradhi yasiyotajwa sana ambayo yatakuwa kipimo cha kweli cha sheria hiyo. Mojawapo ni baridi yabisi ya watoto na vijana.

Ugonjwa huu huanza kabla ya umri wa miaka 16, na hutambuliwa pale kiungo kinapovimba kwa wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kupatikana. Jina lake huwapotosha wengi. Hausababishwi na baridi ya ziwa wala maji ya alfajiri, bali na kinga ya mwili inayoshambulia viungo vya mwili wenyewe. Mtoto huamka amekakamaa na kuchechemea; kufikia mchana hutembea vizuri, hata akadhaniwa anadeka au anakwepa shule.

Katika kata ya Ilagala, wilayani Uvinza, ambako Mto Malagarasi unakaribia kuingia Ziwa Tanganyika, mzazi anayeona dalili hizo huanza na kituo kilicho karibu naye. Rufaa humpeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, na uchunguzi wa kibingwa huweza kumfikisha Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Nauli, malazi na siku za uvuvi au za shamba la michikichi zilizopotea ni gharama zisizoonekana kwenye stakabadhi ya hospitali.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mhudumu wa kwanza una uzito mkubwa. Ni yeye anayepaswa kushuku ugonjwa huu huku akikumbuka selimundu, kifua kikuu cha mifupa na maambukizi ya bakteria ndani ya kiungo, ambayo hayawezi kusubiri. Dawa za kutuliza maumivu zikitolewa mwezi baada ya mwezi bila rufaa, kiungo huharibika na ulemavu hubaki.

Tiba ipo. Dawa ya methotrexate, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hutolewa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na huambatana na vipimo vya damu na mazoezi ya viungo. Macho nayo hukaguliwa mara kwa mara, kwani uvimbe wa ndani ya jicho huweza kupofusha bila maumivu wala wekundu.

Tiba hiyo huchukua miaka. Sera ya afya huwapatia watoto walio chini ya miaka 5 huduma bila malipo katika vituo vya umma, lakini ugonjwa huu haujui mpaka huo wa umri. Hapo ndipo bima inapohitajika, pamoja na dawa kupatikana mkoani ili mgonjwa asivuke nchi kufuata vidonge.

Wazazi na walimu wanashauriwa kutopuuza mtoto anayechechemea kila asubuhi au mwenye goti lililovimba. Afikishwe kituo cha afya mapema. Akiwa na homa kali au kiungo kinachouma ghafla, afikishwe siku hiyo hiyo.